Kibanio Begani

Jana asubuhi nilikuwa natoa mandazi ya mwisho kwenye karai, pale kwenye kibanda changu cha chai Machakos, simu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka nambari ya Saudia. Niliufungua kwa kidole chenye unga. Alikuwa madam wangu wa Riyadh, ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka, na ambaye hata leo hajaweza kulitamka jina langu. "Wendi," alisema, maana Mwende lilimshinda tangu siku ya kwanza, "Sitti amefariki." Sitti ndivyo watu wa Jeddah wanavyomwita bibi. Alikuwa mama wa mume wake madam, na kwangu mimi alikuwa zaidi ya hapo. Aliswali alasiri, akajilaza kidogo, hakuamka. Madam akaeleza kwamba wanawake waliokuja kupanga nyumba kwa ajili ya wageni wa msiba walilikuta shuka lake la kuswalia limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba, na begani mwa shuka hilo kuna kibanio cha nguo, cha plastiki, cha buluu iliyopauka. Alikuwa akiswali nacho, hakuna aliyejua tangu lini. "Wewe ndiye uliyetuletea mambo ya vibanio," alisema. "Niambie, Wendi. Sitti alikuwa hajafunga nini?"

Mandazi yaliungua, bila shaka. Nilisimama pale nikilia, na mteja mmoja akaniuliza kama mafuta yameniruka. Jibu nililijua papo hapo. Ila siwezi kumjibu madam kwa neno moja akaelewa, wala siwezi kulieleza hapa bila kuupitia mwaka wangu wa kwanza wa Saudia, mwaka ambao nilifundishwa namna ya kuishi na kichwa nilichonacho. Mimi nikianza kusimulia naweza kuishia kwenye bei ya vitunguu, kwa hiyo nivumiliwe kidogo. Nitajitahidi nisipotee njiani.

Wengi tuliokwenda miaka ile, wakati kila mtaa ulikuwa na wakala na kila wakala ana ndege ya wiki ijayo, tuliogopa mambo yanayojulikana: mwajiri mkali, chakula cha kupimiwa, mlango uliofungwa kwa nje. Mimi niliogopa kichwa changu. Tangu utotoni nilikuwa bingwa wa kuanza. Naanza kufua, nakumbuka hakuna chumvi, naenda dukani, nakutana na mtu, narudi na habari motomoto bila chumvi, na nguo zimevunda kwenye beseni. Walimu walisema nina akili ila sijali. Waliowahi kuniajiri walisema hivyo hivyo kwa maneno machache zaidi. Ambacho hakuna aliyekiona ni kwamba nilijali mpaka nikawa najifungia chooni kulia. Nyumba ya kwanza ya Riyadh ilinirudisha ofisini kwa wakala baada ya mimi kuiacha pasi imelala juu ya kanzu ya bwana harusi, asubuhi ya harusi yenyewe, kwa sababu niliona kifungo kimelegea nikaenda kutafuta sindano. Ofisi ilikuwa mtaa wa Sulimaniya, juu ya duka la mapazia, na nyuma yake kulikuwa na chumba chenye magodoro ambayo plastiki yake haijatolewa, ambapo wanawake waliorudishwa tulikaa kumngoja kafili mwingine, yaani mwajiri mpya. Tulikula wali na kuku kutoka mkahawa wa chini, tumezunguka sinia moja, kila mtu akieleza sababu yake. Mmoja alirudishwa kwa kumjibu madam. Mwingine kwa sababu mtoto alimpenda kuliko mama yake. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mimi husahau," wakacheka wote, kwani ni nani hasahau? Karani wa ofisi ndiye hakucheka. Aliniambia bila ukali wowote kwamba nikirudishwa tena kabla miezi mitatu ya majaribio haijaisha, halas, basi, ni ndege ya nyumbani. Kurudi nyumbani peke yake kusingeniua. Lakini ningerudi nikiwa na hakika kwamba wote walionisema tangu darasa la kwanza walikuwa sahihi, na sijui kama ningejaribu kitu kingine tena maishani.

Nyumba ya pili ndiyo ya madam huyu. Alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, mwembamba, mwenye haraka, asiyependa kurudia jambo. Hakuwa mtu mbaya, na ninalisema mapema kwa sababu ya nitakayoyasimulia. Chumba changu kilikuwa kando ya mashine za kufulia, na kilinukia sabuni hata ukilala, harufu ambayo mpaka leo ikinipata sokoni nahisi nimechelewa kuamka. Ijumaa moja, wageni wakitarajiwa kwa chakula cha mchana, nilikuwa naosha ua kwa mpira wa maji. Kengele ya mlango wa nyuma ikalia. Ni mtu wa gesi. Nikamfungulia, nikaona mtungi una vumbi, nikaenda kutafuta kitambaa, na kwenye kabati la vitambaa nikavikuta vile vikombe vidogo vya kahawa vya wageni vina madoa. Nikakaa chini kuvisugua kimoja kimoja mpaka vikang'aa. Ilikuwa kazi nzuri sana, hata madam alikuja kukiri hivyo baadaye. Mpira ukaendelea kumwaga maji uani, yakapita chini ya geti hadi barabarani, tangi likakauka, na wanaume walipotoka msikitini wakaja kukuta nyumba haina tone la kunawa mikono. "Enti mafi mukh!" madam aliniambia mbele ya watu. Wewe huna ubongo. Jioni, nikikunja nguo nyuma ya mlango wa sebule ya wanawake, nilimsikia akizungumza na dada yake kwa simu. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini "ofisi" na "kabla ya miezi mitatu" niliyaelewa vizuri kabisa.

Aliyeniokoa kwanza ni Akinyi, ambaye tulisoma naye darasa moja Nairobi tulipofundishwa kutumia mashine za kufulia. Yeye alipelekwa Jeddah, mimi Riyadh. Tulizungumza kila siku, kwa maana sote tulifanya kazi hivyo, simu imebanwa kati ya sikio na kitambaa cha kichwa, mikono iko kwenye vyombo. Ndiyo iliyokuwa redio yetu. Mtoto wa nyumba aliyokuwa akiifanyia kazi Akinyi alipelekwa kila wiki kwenye kituo kimoja cha watoto wenye shida ya kutulia, na Akinyi akimsindikiza.

"Manze Mwende, huyu kijana ni wewe tupu," aliniambia. "Leo nimekaa hapo nje nikiskia vile wanaelezea mamake. Anaanza hamalizi, anasahau kitu akiwa bado amesimama hapo, halafu akishikwa na jambo moja huwezi kumtoa. Nikaambia mwalimu wake, huyo ni beste yangu wa Riyadh, tofauti ni umri tu."

"Ukanianika hivyo! Akasemaje?"

"Nikamwambia hata ile story ya maji. Ameitisha namba yako."

Mwalimu huyo ni Bi Zuhura, Mzanzibari aliyekuwa Jeddah kwa mkataba wa kazi. Alinipigia Ijumaa iliyofuata, saa ile ya mchana ambapo nyumba nzima ya Kisaudi hulala, nami nikamsikiliza nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa chumbani mwangu. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, nikamwona kichwani mwangu kama mama mnene mwenye miwani. "Mwanangu, mie si daktari," alianza. "Siwezi kukwambia unayo ADHD, hiyo shida ya kutulia, au hunayo. Hilo lina wenyewe, na siku ukipata nafasi nenda wakutazame. Mie ni kocha."

"Kocha wa mpira, Bi Zuhura?"

Akacheka. "Kocha wa mpira huingia uwanjani akapiga penalti?"

"Haingii."

"Basi na mie sitokuja kukufungia bomba. Nitakutazama unavyocheza, tu."

Nilitarajia mawaidha. Nilikuwa nimeshayasikia yote, jitahidi, tulia, fikiria unachofanya, na nilikuwa tayari kuitikia ndiyo kwa kila moja. Yeye akaniuliza maswali. Ile siku ya maji, mpira niliuweka wapi? Chini, nikasema. Baada ya hapo niliuona tena? La, nilikuwa jikoni. "Basi bomba hukulisahau," alisema. "Lilitoka machoni, likatoka duniani. Akili yako haina uvivu, mwanangu, maana mvivu hasugui vikombe vyote vile. Ila kisichoonekana haikishiki, muda haiupimi, na kilicho karibu huivuta. Kukugombeza hakukuongezei kumbukumbu. Kunakuongezea woga, na woga nao wataka nafasi kichwani." Sijui kama nimeeleza vizuri jinsi maneno hayo yalivyoniingia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuzungumzia kosa langu kana kwamba ni chombo kilichoharibika tukiangalie sote wawili, bila mmoja wetu kuwa mshtakiwa.

Mwanzoni nilisema nitaweka alamu kwenye simu. "Weka, tuone," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye filamu hiyo ameshaiona. Siku ya kwanza ilifanya kazi. Siku ya pili alamu ililia, nikaizima kwa nia safi kabisa ya kwenda kuzima jiko, na nikaenda kufunga dirisha. Baada ya wiki nilikuwa naizima huku nikiendelea kuimba. Nilimpigia nikiwa tayari kuomba radhi, akanikatiza: "Sikuuliza kosa la nani. Alamu imetufundisha nini?" Nikafikiri, nikasema imetufundisha kwamba sauti inapita, na mimi nataka kitu kisichopita, kitu kitakachoning'ang'ania mwilini mpaka nimalize. "Ehee," alisema, na nilihisi fahari kama niliyepewa zawadi shuleni. Nikapendekeza nifunge uzi kwenye kidole, nitie fundo. Sauti yake ikashuka. "Uzi wenye fundo usiuguse katika nyumba hiyo. Mtu akikuona wafunga mafundo peke yako, hatosema huyu anakumbuka kitu. Atasema sihiri, uchawi." Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, Mkamba wa watu, Mkristo, najua wapi habari za mafundo? Nikatazama chumbani mwangu, na mbele yangu, kwenye kikapu juu ya mashine, kulikuwa na vibanio vya kuanikia nguo.

Sheria tuliitunga pamoja. Nikifungua kitu, maji, moto, pasi, mlango wa nje, nabana kibanio begani, buluu kwa maji na chekundu kwa moto. Nikikifunga, nakitoa. Asinitolee mtu mwingine yeyote, hata akiniapia kwamba ameshafunga yeye, kwa sababu siku nitakayomwamini mtu ndiyo siku atakayokuwa amekosea. Na nitamke ninachofanya, kwa sauti ndogo, nikitembea: maji yamefunguliwa, naenda mlangoni, maji bado. Haikuwa rahisi jinsi ninavyoiandika. Zipo siku nilibana nikasahau kibanio ni cha nini, nikazunguka nyumba nzima nikikagua. Bi Zuhura akasema hiyo ndiyo faida yenyewe, kwani zamani nilikuwa nasahau hata kuzunguka. Akawa ananipigia kila Ijumaa, na katikati ya wiki ananitumia sauti fupi tu, "Habari ya uwanjani?" Watoto wa nyumba wakaanza kuniita, kwa Kiarabu chao, Kamba ya Nguo. Chakula kikaacha kuungua. Nilianza kulala usingizi.

Halafu dada yake madam akaja kukaa siku chache. Nilikuwa napeleka kahawa, chombo cha udi mkono wa pili, kibanio chekundu begani, nikinong'ona zangu kwa Kiswahili, na nikamwona akiniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. Nilipotoka nilibaki nyuma ya mlango, ninakiri, sikio ni kitu cha bure. "Anabana vitu mwilini na anasoma maneno," alimwambia dada yake. "Angalia asije akawa ameleta kitu kutoka kwao." Kesho yake godoro langu lilikuwa limegeuzwa na kutandikwa upya, vizuri kuliko ninavyotandika mimi. Na tangu siku hiyo akawa hanywi kahawa yangu. Anapokea kikombe, anashukuru, anakiweka mezani, na nikija kuondoa vyombo nakikuta kimejaa, kimepoa. Watu wa huko wanajua uzito wa tuhuma hiyo. Kurudishwa ofisini lilikuwa jambo dogo kando yake.

Nilimpigia Bi Zuhura, nikamwambia navitupa vibanio vyote leo hii.

"Ukivitupa itakuwaje?"

"Nitaacha gesi."

"Na ukibaki navyo, umenyamaza?"

"Wataniita mchawi."

"Ipo njia ya tatu?"

Nilimwambia njia ya tatu ni yeye, ampigie madam amweleze, kwani Kiarabu chake kilikuwa cha kuandika vitabu. Akashusha pumzi. "Naweza, na ikifika pa hatari nitafanya, usiogope. Lakini nikisema mie, watakuamini kwa ajili yangu. Kesho nikiwa sipo, huna kitu. Mdomo na uwe wako. Tujizoeshe." Nilimkasirikia, niseme ukweli. Nilimwona kama mtu aliyekaa ufukweni akinisifia ninavyoogelea. Lakini tulijizoesha, Ijumaa mbili, mimi kwenye ndoo yangu, yeye akijifanya madam, tena madam mkali kuliko wangu, mpaka nikaweza kuyasema kwa Kiarabu changu kibovu bila kulia: ana ansa, mimi husahau, na hiki ni ashan ma ansa, ili nisisahau.

Mwisho wa Ramadhani familia ilihamia Jeddah kwa Sitti, kama walivyofanya kila mwaka. Sitti alikuwa na nyumba ya zamani karibu na mtaa wa Kandara, ambayo wanawe walikuwa wamemsihi aiuze na yeye akawajibu kwamba wamngoje afe. Jiko lake lilikuwa na vigae vya kijani, dirisha la kutazama duka la mikate, na kigoda kimoja kifupi ambacho alikikalia yeye mwenyewe, jambo lililowakera wakwe zake, maana mama mwenye nyumba hukaa sebuleni. Alikaa pale kuchambua majani ya mnanaa, akinihadithia mambo ambayo nusu yake sikuyaelewa. Bi Zuhura aliwahi kuniuliza ni wakati gani huwa sisahau, nami nilishindwa kujibu. Jikoni kwa Sitti nilipata jibu. Mtu akikaa karibu nami, hata asifanye lolote, kichwa changu kinatulia. Nilipika sambusa na supu ya ngano ya kufuturisha ukoo mzima, na sikuunguza hata kitunguu.

Siku ya tatu, adhana ya magharibi ikiwa karibu, jiko limejaa wanawake, dada yake madam akaniona na kibanio akamgusa madam kiwiko. Nadhani madam alikuwa amechoka kuogopa peke yake. Alinijia, akakivuta kibanio chekundu begani mwangu, akakiinua mbele ya wote. "Hiki ni nini? Leo nataka kujua." Wanawake wote wakanigeukia. Yale niliyojizoesha yakayeyuka yote. Kilichobaki kichwani mwangu ni kitu kimoja tu, kwamba kibanio kimetoka na mimi sijafunga. "Madam," nikasema, "nirudishie kwanza, tafadhali. Kuna moto mahali na sijui ni wapi." Akanikodolea macho. Nikaanza kuzunguka mbele yao wote, nikisema kwa sauti, jiko la mbele limezimwa, oveni imezimwa, mpaka nikasogeza sufuria kubwa ya supu, na nyuma yake, kwenye jiko dogo la pembeni, mkaa wa udi ulikuwa umewaka mwekundu, na ncha ya kitambaa cha vyombo kilichotundikwa juu yake imeshaanza kuwa kahawia. Nikazima. Nikarudi kwa madam, nikachukua kibanio mkononi mwake, nikakitia kwenye mfuko wa aproni. "Sasa halas," nikasema. Na hapo ndipo maneno yaliponirudia. Ana ansa, madam. Tangu utotoni. Si kwamba sijali. Kila kilicho wazi nakibana hapa, ashan ma ansa, na anayekitoa ni mimi tu. Nimefundishwa na mwalimu wa hapa hapa Jeddah, Mwislamu, anafundisha watoto, namba yake hii hapa, mpigie. Hakuna kingine.

Kisha nikasikia kigoda kikiburutwa. Sitti aliinuka, akashika magoti yake, akaniendea mpaka nikahisi harufu ya mnanaa mikononi mwake, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yangu akapekua, akatoa kibanio cha buluu. "Nimefungulia maji mirehani yangu kule juu tangu alasiri," alisema, "na mimi hapa nimekaa." Akakibana kwenye ushungi wake, juu kabisa, karibu na sikio, akapanda ngazi. Alipoteremka alikitoa mbele yetu kwa madaha kama bibi harusi anayevua shela. Aliyeanza kucheka ni dada yake madam. Madam alicheka mwisho, huku amejifunika uso. Usiku huo, baada ya futari, nilipeleka kahawa sebuleni. Alikipokea kikombe chake, akanywa, akakinyoosha kwangu nimwongezee. Miezi mitatu ilipotimia hakuna aliyeitaja ofisi.

Kabla hatujarudi Riyadh, Sitti alitaka kuonja ugali niliokuwa nikimsimulia, akaamuru dereva anipeleke mtaa wa Ghulail kwenye maduka ya Waafrika kutafuta unga wa mahindi. Ndipo nilipoonana na Bi Zuhura, mara moja hiyo tu. Hakuwa mnene wala hakuvaa miwani. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye mkoba mkubwa, na alichelewa. Tulikumbatiana mbele ya magunia ya dengu. Dereva alipopiga honi, Bi Zuhura alianza kutafuta funguo zake, akatoa chaja, akatoa chaja nyingine, akatoa kiatu kimoja cha mtoto, na mwisho kabisa, chini ya vyote, funguo, zimebanwa pamoja na kibanio cha nguo. Nikamtazama. "Ulidhani nilijuaje kama alamu haifai kitu?" akaniuliza. Mpaka leo hatuachani. Miezi iliyofuata simu zake zilipungua kidogo kidogo, na nilipolalamika akaniambia niseme swali ambalo angeniuliza. Nikalisema, na nikalijibu mwenyewe, naye akafurahi kuliko mimi. Baadaye sana nilikwenda kwa daktari Nairobi, akaipa hali yangu jina rasmi. Nilimshukuru, lakini kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika nikiwa nimekaa kwenye ndoo.

Sasa nifike kwenye jibu la madam. Likizo yangu ilipofika, mkataba umeisha na mwingine umeshakubaliwa, nilisafiri kupitia Jeddah ili nimuage Sitti. Nilimkuta amevaa shuka lake la kuswalia. Alinifungia mkate na jibini ya safari kwenye karatasi, akanisindikiza hadi mlangoni, akatoa kibanio cha buluu mfukoni, akakibana begani. "Umefungua nini, Sitti?" nikamuuliza. "Mlango," akasema. "Unatoka wewe. Ukirudi utaufunga, ndipo nitakitoa." Nilimbusu kichwani nikaondoka nikicheka. Nyumbani mama aliugua, nikabaki kumuuguza, viza ya kurudi ikapita wakati wake, kisha kikaja kibanda cha chai, na maisha. Tulipigiana simu, halafu akawa hasikii vizuri, halafu nambari ikabadilika. Nilidhani ulikuwa mzaha wa mlangoni.

Jana baada ya kuzima jiko nilimjibu madam kwa sauti, kwa Kiarabu kile kile cha jikoni. Nilimwambia Sitti alikuwa hajafunga mlango, alikuwa ananingoja mimi. Nikamwambia akitoe tu kibanio, halas, aliswali nacho vya kutosha. Jibu lilikuja nikiosha karai. Madam alikuwa analia, nami sikuwahi kumsikia akilia. "Sikitoi," alisema. "Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba kibanio hakitolewi na mtu mwingine. Shuka nimeliacha nyuma ya mlango. Mambo ya viza nitayashughulikia mimi. Njoo ufunge, ukitoe kwa mkono wako."

Nimebana kibanio begani tangu jana. Wateja wananiuliza nimesahau kuanua nini, nami nawamiminia chai.